Foleni ya Baharini Huzaliwa Bara

Meli zinapotia nanga nje ya Bandari ya Dar es Salaam kungoja zamu, lawama ya kwanza huangukia magati. Historia inanyoosha kidole kwingine. Novemba 1965 walowezi wazungu wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) walijitangazia uhuru, na Zambia isiyo na pwani ikaanza kuigeukia Dar es Salaam. Mpaka wake na Rhodesia ulipofungwa mwaka 1973, kisha vita vya Angola vikaikata reli ya Benguela iliyoelekea Atlantiki mwaka 1975, shaba na mbolea vilisongamana hasa katika mlango mmoja, Dar es Salaam. TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kati ya Tanzania na Zambia iliyokabidhiwa mwaka 1976, ilijengwa ili kuupanua mlango huo. Lakini vichwa vya treni viliharibika, mabehewa yakachelewa kurudi, shehena ikalala bandarini. Oktoba 1978 Rais Kaunda wa Zambia aliifungua tena njia ya kusini kupitia Rhodesia, kwa kuwa mbolea ilikuwa imekwama huku msimu wa kupanda ukibisha hodi.

Yupo atakayesema tatizo ni uchache wa magati. Ana sehemu ya ukweli, kwani kwa kawaida meli haishushi mzigo baharini. Hata hivyo, ghala likijaa, gati tupu halisaidii: winchi hukosa pa kuutua mzigo. Ujio wa kontena haukubadilisha kanuni hiyo, ulibadilisha kasi tu. Anayetaka kuifupisha foleni ya meli aanze kwa kuhesabu siku ambazo kontena hulala uwanjani likisubiri karatasi, lori au behewa.