Kivuli katika Upangaji wa Kurasa: Historia na Istilahi Zake

Neno "kivuli" limebebeshwa mizigo mingi katika Kiswahili cha leo. Kwa asili ni taswira ya giza inayotokea pale kitu kinapozuia nuru. Ofisini, hasa nchini Tanzania, "kutoa kivuli" ni kunakili hati kwa mashine. Bungeni, waziri kivuli ni msemaji wa upinzani kuhusu kazi za wizara fulani. Mpangaji wa kurasa naye analihitaji neno hilohilo kwa kazi ya nne, yaani kukipa kitu kilichomo ukurasani kivuli ili kionekane kimeinuka juu ya karatasi. Makala haya yanaeleza kwa ufupi jinsi kivuli hicho kilivyoingia katika ufundi wa chapa, kisha yanapendekeza istilahi zake. Nia yetu ni kuonyesha kwamba istilahi ifaayo hutokana na kulichunguza jambo lenyewe, wala si kulifuata neno la Kiingereza.

Kivuli cha chapa ni kikongwe kuliko kompyuta. Mwanzoni mwa karne ya 19 wasubu wa herufi wa London, miongoni mwao Vincent Figgins, walitoa herufi kubwa za matangazo zenye kivuli ubavuni. Herufi na kivuli chake vilisubiwa pamoja katika kipande kimoja cha madini. Kwa hiyo kivuli kilikuwa sehemu ya umbo la herufi. Mpiga chapa hakuweza kukisogeza, kukififisha wala kukiondoa.

Hatua ya pili ilikuja na kompyuta. Macintosh ya mwaka 1984 ilikuwa na kivuli katika orodha yake ya mitindo ya mwandiko, pamoja na herufi nzito na za mlazo. Mwaka 1985 kampuni ya Aldus ilitoa PageMaker, na upangaji wa kurasa ukahamia mezani. Hata hivyo, mpangaji aliyetaka kivuli cha kisanduku au cha umbo lolote alikibuni mwenyewe: alinakili umbo hilo, akaipaka nakala rangi nyeusi au ya kijivu, akaisogeza kidogo chini na kando, kisha akaiweka nyuma ya umbo la kwanza. Kivuli cha namna hiyo kilikuwa na ukingo mkali, nacho kilikuwa kitu cha pili kinachojitegemea.

Kivuli laini, kinachofifia ukingoni kama kile tunachokiona ukutani, kilichelewa. Sababu yake ilikuwa ya kiufundi. Katika PostScript, lugha ya Adobe ya kueleza kurasa kwa mashine za kuchapa, rangi iliyowekwa juu iliifunika kabisa iliyo chini, ilhali kivuli laini sharti kiache kilicho chini yake kionekane. Hivyo mpangaji alikitengeneza kivuli katika Photoshop, programu ya picha iliyoanza kuuzwa mwaka 1990, kisha akakiingiza ukurasani kama picha. Mandhari ya nyuma ikibadilika, mara nyingi kazi ilianza upya. Mwaka 2001 toleo la 1.4 la PDF liliruhusu rangi kupenyeza zilizo chini yake. InDesign 2.0 ya mwaka 2002 ikamwezesha mpangaji kutia kivuli laini ndani ya programu yenyewe, na QuarkXPress ikafuata katika toleo la 7, mwaka 2006. Tangu hapo kivuli ni agizo lililoambatanishwa na kitu: kitu kikisogezwa, nacho husogea, kikibadilishwa umbo, nacho hubadilika.

Historia hii ina funzo kwa wanaistilahi. Kiingereza kimekiita kivuli hiki kwa neno la kudondoka. Mfasiri akilifuata atapata "kivuli dondoshi", neno lisilomweleza mwanafunzi chochote. Tunapendekeza "kivuli cha nje" kwa kile kinachoangukia nyuma ya kitu, na "kivuli cha ndani" kwa kile kinachokifanya kitu kionekane kimetobolewa karatasini, ambacho InDesign ilikiongeza mwaka 2007. Mapambo yote ya jamii hii yaitwe "madoido". Vipimo vyake viwe umbali, pembe, ulaini wa ukingo na ukolezo.

Kitenzi nacho kinahitaji uangalifu mkubwa. Agizo "toa kivuli cha ukurasa huu" laweza kumpeleka karani kwenye mashine ya kunakili, na kumfanya mpangaji afute kivuli alichokiweka. Katika vitabu vya mafunzo na maagizo ya ofisi, utata huo hupoteza kazi. Kwa hiyo tuseme "tia kivuli" na "ondoa kivuli" katika upangaji wa kurasa, na "toa nakala" katika kunakili hati.

Mapendekezo haya tunayaweka mbele ya wafasiri, walimu na watumishi wa serikali ili wayapime katika kazi zao. Istilahi husimama pale watumiaji wake wanapoielewa bila kuuliza.