Majani ya mbuni, kinywaji kilichosahauliwa na soko

Mwaka 1851 London ilifungua Maonyesho Makuu ndani ya jumba la vioo lililojengwa Hyde Park. Mahali palipojaa mashine za mvuke na vito vya kila himaya, daktari mmoja aitwaye Gardner alileta kitu kisichong'aa hata kidogo: majani ya mbuni yaliyokaushwa. Hoja yake ilikuwa kwamba Waingereza wangeweza kuyanywa badala ya chai. Waingereza hawakuyanywa, lakini wakemia waliyachukua wakayapima.

Gardner hakuvumbua kinywaji. Magharibi mwa kisiwa cha Sumatra, Waminangkabau walikuwa wakikata vitawi vya mbuni, wakivikausha juu ya moto mpaka majani yawe ya kahawia, kisha wakiyavunjavunja na kuyachemsha. Kinywaji hicho, kawa daun, hadi leo huuzwa huko kwenye vibanda vya barabarani, na desturi ni kukinywa kwa kifuu cha nazi. Simulizi inayopendwa huko ni kwamba Waholanzi, ambao kuanzia mwaka 1847 waliwalazimisha wakulima wa eneo hilo kulima kahawa na kuipeleka kwenye maghala ya serikali kwa bei iliyopangwa, walichukua buni zote, mwenyeji akabaki na majani.

Simulizi hiyo ina ukweli mchungu, ila haitoshi. Huko Harar, mashariki mwa Ethiopia, watu hunywa kuti, majani ya mbuni yaliyokaangwa na kuchemshwa, mara nyingi kwa maziwa na chumvi, na hakuna Mholanzi aliyewahi kuwasimamia. Ninavyoona mimi, jani lilibaki kinywaji cha mkulima kwa sababu nyepesi zaidi: buni ilikuwa na mnunuzi, jani halikuwa naye. Mahali pengi kahawa ilipogeuka fedha, aliyeilima alijifunza kutoinywa.

Baada ya maonyesho yale, Mwingereza aliyeishi Padang, huko Sumatra, kwa miaka mingi, N. M. Ward, aliandika barua iliyochapishwa katika jarida la wafamasia wa London. Alieleza kwamba wakulima wa mpunga walishinda matopeni, juani na mvuani, wakijikimu kwa wali kidogo na maji ya majani ya kahawa. Akaongeza hoja ya kibiashara: mbuni wa kuvuna matunda huchagua udongo na mwinuko, ila mbuni wa kuvuna majani unaweza kulimwa karibu popote penye rutuba katika nchi za joto.

Majani ya Sumatra yalimfikia John Stenhouse, mkemia wa Scotland, ambaye matokeo yake yalitoka mwaka 1854. Alikuta kafeini ya zaidi kidogo ya asilimia 1, kiasi kinacholingana na cha buni zenyewe. Kwa maneno mengine, wale wakulima wa matopeni hawakuwa wakijidanganya. Walikuwa wakipata kichangamsho kilekile kilichokuwa kikiuzwa Ulaya kwa bei kubwa.

Mradi wa Gardner ukafa hata hivyo. Uingereza ilikuwa na chai ya China, na ya Assam ilikwisha kuingia mnadani London tangu mwaka 1839. Kisha jani la mbuni likabadili historia kwa njia ambayo Gardner hakuiota. Mwaka 1869 wanasayansi walieleza kuvu iliyokuwa ikishambulia mibuni ya Ceylon, Sri Lanka ya leo: kutu ya majani, ambayo mkulima wa Kilimanjaro au Kiambu anaifahamu fika. Mashamba ya Ceylon yaliteketea, wenye mashamba wakageukia chai. Jani la kahawa lilishindwa kuwa chai, lakini ugonjwa wake uliifanya Ceylon kuwa nchi ya chai.

Utafiti uliporudi kwa nguvu katika karne hii, ulipitia pwani yetu. Kwenye misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, Zanzibar ikiwamo, huota mbuni-mwitu uitwao Coffea pseudozanguebariae, ambao kwa asili buni zake hazina kafeini. Mwaka 2008 watafiti wa Ufaransa walitangaza kwamba katika majani yake wamepata manjiferini, kemikali iliyofahamika zaidi kwenye mwembe. Mwaka 2012 Claudine Campa na wenzake, akiwamo Aaron Davis wa bustani za mimea za Kew, Uingereza, walichapisha uchunguzi wa majani ya spishi 23 za kahawa. Manjiferini ilikuwamo pia kwenye arabika, hasa katika majani machanga.

Kwenye maabara, manjiferini imeonyesha uwezo wa kupunguza uvimbe na kuzuia madhara ya oksijeni kwenye seli, na kwa panya imeshusha sukari ya damu. Magazeti ya Uingereza yalipoipata habari, mara jani likawa bora kuliko chai na kahawa kwa pamoja. Sisi tulioshuhudia foleni za kunywa kikombe cha tiba Loliondo mwaka 2011 tunaijua haraka hii. Panya si mgonjwa wa kisukari wa Moshi, na kiasi kinachopimwa maabara si lazima kiwemo kikombeni.

Umoja wa Ulaya uliruhusu kinywaji cha majani ya arabika na robusta kuuzwa katika nchi zake Julai 2020, kwa hoja kwamba ni chakula cha jadi kilichotumika nje ya Ulaya kwa muda mrefu. Hicho ni cheti cha usalama, si cha tiba.

Kwa mkulima wa hapa, majani ndiyo yanayolisha matunda. Kuyachuma ovyo ni kujikata mavuno. Yanayofaa kujaribiwa ni ya maotea na matawi yanayoondolewa wakati wa kupogoa, ambayo sasa huishia kuwa matandazo. Lakini mibuni mingi hupigwa dawa za shaba dhidi ya kutu na chulebuni, na dawa hizo hubaki palepale juu ya jani. Kama shamba lako limenyunyiziwa dawa msimu huu, usichemshe majani yake.