Injili ya Barnaba, Biharusi Wetu na Mavyaa wa Kamachumu



Mtu akisimama mbele ya kioo na pini zimemzunguka kiunoni, hana pa kwenda, basi huzungumza. Ndiyo maana sisi mafundi wa nguo za harusi tunasikia mengi. Biharusi mmoja wa Unguja, anayeolewa na kijana wa Muleba, alikuja kwetu Bukoba kujaribu gauni lake la walima. Mume ni Mwislamu, na marehemu baba yake alikuwa Mwislamu, lakini mama yake ni Mkatoliki wa Kamachumu, mama wa rozari na misa ya kila Jumapili. Biharusi akatuonyesha simu yake. Alikuwa amehifadhi humo Injili ya Barnaba, yote. Nia yake, akishazoea nyumbani kwa mumewe, amsomee mavyaa.

"Dada, humu Nabii Isa anamtaja Mtume wetu kwa jina. Akisikia hivi hatobisha tena."

Tulikaa kimya, kwa sababu na sisi tumekua tukikisikia kitabu hicho kikitajwa kwenye mihadhara ya dini, na siku zote tulikipokea bila kuuliza kimetoka wapi. Tukamwomba atutumie. Kina sura 222. Tulikuwa tukikisoma jioni baada ya kufunga vyerehani, na tukasoma pia habari zake, nani alikiandika na lini. Haya ndiyo tuliyoyapata. Tunayaandika hapa kwa sababu si biharusi huyu peke yake anayeingia nyumba ya namna ile.

Kwa mnaotusoma kutoka visiwani, mkoa wetu wa Kagera una nyumba nyingi ambamo mswala na rozari vimetundikwa ukuta mmoja. Dini zote mbili zilitufikia karibu wakati mmoja. Stanley alipopita Karagwe mwaka 1876 aliwakuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha weka kituo Kafuro. Mapadri Wazungu wakafungua misheni Kashozi mwaka 1892. Waprotestanti wa kwanza walikuwa Wahaya wenyewe, waliokuwa wakisoma Biblia ya Kiganda (ilikamilika kuchapwa 1896) kabla wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani hawajafika mwaka 1910. Muleba ndiko alikozaliwa Laurean Rugambwa, aliyefanywa kardinali mwaka 1960, Mwafrika mweusi wa kwanza kupewa cheo hicho katika zama zetu. Kwa hiyo ukiolewa huko, usidhani unakwenda kwa watu ambao dini yao ni ya juzi au ya kubahatisha. Wana mapadri waliosoma na wana kumbukumbu zao.

Sasa tuje kwenye vitabu vyenyewe. Sisi tunaamini kwamba Nabii Isa alayhi salaam aliteremshiwa Injili. Vile vinne vilivyomo katika Biblia, Mathayo, Marko, Luka na Yohana, ni habari za maisha yake zilizoandikwa na watu baada yake, na hata Wakristo hawasemi kwamba Isa ndiye aliyeviandika. Ubishi wa wataalamu ni juu ya watu gani hao, na lini. Wengi wao huiweka Marko karibu na mwaka 70, ambao Warumi walibomoa hekalu la Jerusalem. Mathayo na Luka huwekwa miaka 10 hadi 20 baada ya hapo, na Yohana mwishoni mwa karne ya kwanza. Wapo wanaovirudisha nyuma na wapo wanaovisogeza mbele. Majina ya waandishi yamo kwenye vichwa vya vitabu, hayamo ndani ya habari zenyewe, na kichwa cha Kigiriki husema tu "kwa mujibu wa Mathayo". Shahidi wa mapema tunayemjua ni Papias, askofu wa mwanzoni mwa karne ya pili, aliyesema kwamba Marko aliandika yale aliyoyasikia kwa Petro. Irenaeus ndiye anayewataja wote wanne kwa majina, karibu mwaka 180.

Barua za Paulo ni za zamani zaidi, za miaka ya 50. Kati ya 13 zenye jina lake, 7 ndizo ambazo karibu kila mtaalamu anakubali ni zake. Waraka kwa Waebrania hauna jina kabisa, na Origen, mwanachuoni wao wa karne ya tatu, alishasema kwamba aliyeuandika anajulikana na Mungu tu.

Jambo lililotushangaza ni kwamba haya yote si siri waliyoificha. Wanaoyasema kwa sauti ni Wakristo wenyewe, maprofesa na mapadri, na mwanafunzi wa upadri huyasoma seminari kama sisi tunavyosoma chuoni habari za mapokezi ya hadithi. Mtu akimwendea padri wa Muleba na kumwambia "hamjui nani aliandika Waebrania", padri atamwambia ndiyo, hatujui, karibu chai.

Na tuwe waangalifu na hoja ya miaka. Tumewasikia wengi wakisema, "Kitabu kimeandikwa miaka 40 baadaye, kitaaminikaje?" Imamu Bukhari, Mungu amrehemu, alifariki mwaka 870 kwa hesabu ya Kizungu, zaidi ya miaka 200 baada ya Mtume wetu swallallahu alayhi wasallam. Kinachoibeba Sahihi yake ni isnadi, yaani nani alisikia kwa nani, waliwahi kukutana au hawakuwahi, alikuwa mkweli au msahaulifu. Basi swali la kukiuliza kitabu chochote ni lile lile: kimepitia mikono ya nani?

Injili ya Barnaba tukaiuliza swali hilo, na hapo ndipo tulipoanza kuingiwa na wasiwasi.

Nakala yake ya zamani iliyopo ni ya Kitaliano na imehifadhiwa Vienna, Austria. Ilikuwa mali ya Prince Eugene wa Savoy, aliyepewa mwaka 1713. Wataalamu walioikagua karatasi yake na jalada lake wanaiweka mwishoni mwa karne ya 16. Ilikuwepo na ya Kihispania, ambayo George Sale aliitaja katika tafsiri yake ya Kurani ya mwaka 1734. Mwaka 1907 mume na mke Waingereza, Lonsdale na Laura Ragg, walichapisha ile ya Kitaliano Oxford pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mwaka uliofuata ikatoka kwa Kiarabu mjini Cairo kwa mkono wa Rashid Rida, na kutoka hapo ikaenea kwa Waislamu dunia nzima hadi ikafika kwenye simu ya biharusi wetu. Nyuma ya hiyo karne ya 16 hakuna ukurasa wake hata mmoja, si wa Kigiriki, si wa Kiebrania. Orodha moja ya kanisa ya karne ya sita hivi inataja Injili ya Barnaba miongoni mwa vitabu vilivyokataliwa, ila hakuna kilichobaki cha kuonyesha kwamba ndiyo hii. Upo pia Waraka wa Barnaba, wa zamani kweli, lakini hicho ni kitabu kingine kabisa na watu huvichanganya.

Dibaji ya Kihispania inaeleza isnadi yake, na mafundi tuliicheka kidogo. Inasema mtawa aitwaye Marino alikuwa na Papa Sixtus V katika maktaba yake, Papa akasinzia, Marino akakiona kitabu na kukificha katika mkono wa joho lake. Mkono huo tungependa kuuona ulivyokatwa. Ila mcheko pembeni: hiyo ni isnadi ya mtu mmoja, asiyejulikana, anayesimulia kwamba ameiba. Mwanachuoni gani wa hadithi angeipokea?

Halafu kuna zipu. Mtu akikuletea gauni na kukuapia kwamba ni la bibi wa bibi yake, wewe ukageuza mgongoni ukakuta zipu ya nailoni, huhitaji kumwita mwongo. Gauni limejisemea lenyewe. Barnaba ina zipu zake. Katika sura ya 20 Isa anapanda chombo na kufika Nazareth, na Nazareth ni mji wa milimani, hauna bahari wala ziwa. Mtu aliyeishi na Nabii Isa angelijua hilo kama sisi tunavyojua kwamba huwezi kushuka melini Karagwe. Sura ya 82 inasema mwaka wa jubilei huja kila miaka 100, na Taurati inasema 50. Jubilei ya miaka 100 ilianzishwa na Papa Boniface VIII mwaka 1300, na mwaka 1350 ikafanywa tena kwa miaka 50. Ndiyo maana wataalamu wengi husema aliyeandika aliishi baada ya hapo.

Hata hivyo, yaliyotugusa sisi si ya mapapa.

Fungueni Suratu Maryam, aya ya 23. Bibi Maryam anashikwa na uchungu, unampeleka kwenye shina la mtende, yuko peke yake, anatamani angekuwa amekufa na kusahauliwa kabla ya hayo. Mwanamke aliyezaa akiisoma aya hiyo anaijua. Sasa fungueni Barnaba, sura ya 3: Maryam anazaa bila maumivu yoyote. Hayo ni maneno yaliyozoeleka katika mafundisho ya kanisa la zamani, si ya Kurani. Tena Kurani inamwita Isa Masihi kwa jina hilo hasa (Aal Imran, aya ya 45), na Barnaba inamfanya Isa akane kuwa Masihi na kumpa Mtume wetu jina hilo. Kurani inasema mbingu saba. Barnaba inasema tisa, na Pepo juu yake. Kwa hiyo anayeisimamisha Barnaba ili kuitetea Kurani anajikuta anaipinga Kurani, mbele ya mavyaa wake.

Ni nani basi aliyeiandika? Hapo wataalamu bado wanabishana. Wapo wanaofikiri ni Mtaliano aliyesilimu. Wengine wanawataja Wamorisko, Waislamu wa Hispania waliolazimishwa ubatizo na hatimaye kufukuzwa nchini kati ya 1609 na 1614. Kama ni hao, sisi hatuna moyo wa kuwalaumu sana. Mtu aliyenyang'anywa Kurani yake, akakatazwa hata lugha yake, huenda alitaka kukiona kitabu cha waliomtesa kikisema maneno yake. Tunamwombea. Lakini hatuwezi kuchukua maumivu yake tukayaita ushahidi wa karne ya kwanza.

Tulimweleza biharusi wetu haya siku ya kujaribu mara ya pili. Alinuna. Alituuliza kama tumeanza kuwapendelea Wakristo kwa kuwa ndio wateja wetu wengi, swali ambalo lilituuma, maana ni kweli nusu ya magauni tunayoshona huvaliwa kanisani. Tukamwambia asituamini sisi, asome mwenyewe sura ya 3 na aya ya 23, aziweke pamoja. Alikwenda nazo nyumbani. Gauni alilichukua Ijumaa bila maneno mengi.

Baada ya harusi alitupigia simu kutoka Muleba. Walikuwa wamekaa jikoni yeye na mavyaa, wanamenya ndizi, mavyaa akamuuliza nyinyi mnamjua Bikira Maria? Akamsomea Suratu Maryam kwa Kiswahili, tangu mwanzo. Alipofika kwenye mtende mavyaa aliweka kisu chini. Kumbe mtoto wake wa kwanza alimzalia shambani, chini ya mgomba, akiwa peke yake. Wakazungumza hayo mpaka ndizi zikaiva. Juu ya kusulubiwa hawakuelewana, na wamekubaliana wasilizungumze wakati wa kula.

Mwezi uliopita mavyaa mwenyewe alishuka Bukoba na busuti mbili za kurekebisha mikanda. Alipokuwa akilipa akauliza kama tunaijua tafsiri ya sura ile yenye maandishi makubwa, kwani macho yake si ya zamani. Tumemwagizia Dar es Salaam, bado haijafika.