SEHEMU YA 6: Mtoto wa AS na ndoto ya kuwa rubani

Kwa wanaojiunga leo, mimi ni nesi na huu ni mfululizo wetu wa selimundu, ambayo wengi tunaiita sikoseli. Kwenye sehemu ya 5 tulisoma majibu ya kipimo: AA, AS na SS. Baada ya pale swali lililojaa inbox ni hili: "Nesi, mwanangu ni AS. Anataka kuwa mwanajeshi, anataka kurusha ndege. Nimwambie aache?"

Jibu linakuja, ila kwanza tupitie historia. Swali hili hili waliulizana Marekani zaidi ya miaka 50 iliyopita. Walilijibu vibaya, vijana wakafungiwa milango, baadaye wakarudi kulijibu upya kwa utafiti. Tukiijua safari hiyo, hata majibu yetu kwa watoto yatakuwa na akili ndani yake. Weka chai pembeni, leo ni ndefu kidogo.

1. KWANZA, MSAMAHA WA KITABIBU NI NINI?

Kila jeshi lina orodha ya masharti ya afya. Macho yaone kiasi hiki, masikio yasikie hivi, moyo uwe hivi. Ukikosa sharti moja, umeanguka. Lakini majeshi mengi yana mlango wa pembeni: wakuu wanaweza kukutazama wewe binafsi, wakakupima, wakasema "sharti hili halijatimia, ila huyu kazi anaiweza." Hapo wanakupa kibali maalumu. Huo ndo msamaha wa kitabibu.

Mfano unaojulikana sana ni wa Mwingereza Douglas Bader. Desemba 1931 alikuwa rubani wa jeshi, kijana wa miaka 21. Akaanguka na ndege akifanya madoido karibu na ardhi. Madaktari wakamkata miguu yote miwili, mmoja juu ya goti na mwingine chini ya goti. Akajifunza kutembea na miguu ya bandia bila hata fimbo. Akarudi hewani, akajaribiwa, akaonekana anarusha ndege vizuri tu. Jeshi likamwambia hapana, kwa sababu kanuni hazikuwa na kifungu kinachomhusu mtu asiye na miguu. Mwaka 1933 wakamstaafisha.

Vita ilipolipuka 1939, marubani wakahitajika. Bader akaomba tena. Safari hii wakampeleka kwenye jaribio la kurusha, akafaulu, akarudishwa. Akapigana angani mpaka Agosti 1941 alipoangukia mikononi mwa Wajerumani huko Ufaransa.

Ona kitu kimoja hapo. Miguu haikuota kati ya 1933 na 1939. Kilichobadilika ni kwamba jeshi lilikuwa na shida ya watu, na kwa hiyo likakubali kumtazama anachoweza. Shikilia hilo, maana vijana wa AS hawakutazamwa hivyo.

2. VIJANA WANNE WA FORT BLISS

Tuhamie Marekani. Fort Bliss ni kambi ya jeshi huko Texas, juu ya usawa wa bahari kama mita 1,200 hivi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, ndani ya mwaka mmoja, makuruta wanne weusi walifariki pale wakiwa kwenye mazoezi mazito. Walikuwa vijana, wazima, wamepita vipimo vya kuingia jeshini. Walipochunguzwa, wote wanne walikuwa na AS. Kulikuwa na makuruta weusi kama 4,000 waliopita kambini kipindi hicho. Habari ikachapishwa kwenye jarida la madaktari mwaka 1970.

Vifo vile vilikuwa vya kweli, jamani. Ni watoto wa watu wanne. Mtu asikudanganye kwamba hofu ilianza hewani tu.

Tukumbushane kidogo. Mwenye SS ana ugonjwa. Chembe zake nyekundu za damu zinajikunja kama mundu na kuziba mishipa, ndo maana ya maumivu na upungufu wa damu. Mwenye AS amebeba kinasaba kimoja tu, kingine ni kizima. Chembe zake kwa kawaida hazijikunji, anaishi maisha yake, wengi wanazeeka bila kujua. Zinaweza kuanza kujikunja pale mwili unapokamuliwa kupita kiasi: hewa haba, joto kali, maji yamepungua mwilini, misuli imechoka na mtu bado anakimbizwa.

Sasa kuruta wa siku za kwanza ni nani? Ni huyo huyo. Mwili haujazoea, jua linawaka, kiu imembana, na nyuma yake kuna mkufunzi anapiga kelele asisimame.

3. HOFU IKAGEUKA KUWA KANUNI

Mwaka 1972 Marekani ikapitisha sheria ya kitaifa ya kupambana na selimundu, fedha za utafiti na upimaji zikatoka. Lilikuwa jambo jema. Lakini miaka ile wengi walichanganya AS na SS. Watu wakapimwa kwa wingi bila kuelezwa vizuri majibu. Mtu mzima kabisa anaambiwa "una sikoseli", anarudi nyumbani analia. Wapo walionyimwa kazi, wapo waliotozwa bima kubwa, na baadhi ya mashirika ya ndege yaliwazuia wenye AS kufanya kazi ndani ya ndege.

Mwaka 1973 kamati ya wanasayansi iliyoshauri jeshi ikasema wenye AS waruhusiwe kazi za kijeshi, isipokuwa urubani. Hoja yao ilikuwa kwamba huko juu hewa ni haba, na ndege ikitoboka au mtambo wa oksijeni ukifeli, mwenye AS anaweza kupata shida kabla ya wenzake.

Chuo cha Jeshi la Anga cha Marekani kiko Colorado, mita kama 2,200 juu ya usawa wa bahari, na ndiko wanakoandaliwa maofisa ambao wengi wanategemewa kuwa marubani. Basi chuo kikafunga mlango kabisa. Ukipimwa ukakutwa AS, huingii. Ukikutwa baada ya kuingia, unaondoka. Tena AS iko zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, kwa hiyo mnajua wenyewe kanuni hiyo iliwaangukia akina nani.

Bader alipewa ndege wakasema "tuoneshe." Kijana wa AS hakuoneshwa hata uwanja. Hakuna aliyemkimbiza wakampima mapigo, hakuna aliyeangalia kama amewahi kuugua. Karatasi ya maabara ilitosha. Na hapo hapo, hakukuwa na ushahidi wa rubani wa AS aliyeangusha ndege kwa sababu ya damu yake.

4. KESI NA MWAKA 1981

Mwaka 1979 kijana mmoja aliyekuwa tayari chuoni aliondolewa kwa sababu ya AS. Alikuwa mwanamichezo, na mazoezi alikuwa anayamudu. Hakukubali yaishe hivyo. Kesi ikafunguliwa dhidi ya Jeshi la Anga, magazeti yakaandika, na wataalamu wakaanza kuuliza hadharani: ushahidi uko wapi? Mwaka 1981 Jeshi la Anga likafuta marufuku, na vijana wa AS wakaruhusiwa kuingia chuoni.

Ningeweza kuishia hapa tukapiga makofi, ila mimi ni nesi, siwezi. Ile hatari ya Fort Bliss haikufutwa na mahakama wala na barua ya wakuu.

5. NAMBA ZIKAJA

Mwaka 1987 ukatoka utafiti mkubwa uliopitia makuruta zaidi ya milioni 2 wa Marekani walioingia kati ya 1977 na 1981. Makuruta weusi wenye AS walikuwa na hatari ya kufa ghafla bila sababu nyingine kujulikana mara 28 kuliko makuruta weusi wasio na AS. Namba hiyo inatisha. Lakini isome yote: hata kwao vifo vilikuwa kama mtu 1 katika kila 3,000. Yaani walio wengi sana walimaliza mafunzo salama.

Na sasa njia zilikuwa mbili. Moja, rudisha marufuku. Mbili, badilisha mafunzo. Jeshi likashika ya pili. Kupima joto la siku kabla ya kuwatoa watu kwenye mazoezi, kunywa maji kwa ratiba, kupumzika kwa ratiba, kuanza mdogo mdogo, na kumsikiliza anayesema "sijisikii vizuri" badala ya kumwita mvivu. Tena waliyafanya haya kwa wote, maana joto linaua hata mwenye AA.

Mwaka 2016 ukatoka utafiti mwingine, wa askari weusi karibu 48,000 waliokuwa kazini kati ya 2011 na 2014. Wenye AS hawakuonekana kufa zaidi ya wenzao. Kilichobaki ni hatari ya misuli kuvunjika kwa mazoezi mazito, hali ambayo mabaki yake yanaingia kwenye damu na kuumiza figo. Hatari hiyo ilikuwa juu kwa asilimia 54 kwa wenye AS. Lakini subiri: kwa wavuta sigara nayo ilikuwa juu kwa kiwango karibu sawa na hicho, na unene mkubwa pia uliongeza. Na hakuna aliyewahi kumfukuza kadeti chuoni kwa sigara kama walivyomfukuza yule kwa damu aliyozaliwa nayo.

6. HAPA KWETU

Historia hii ina mkono wa Afrika Mashariki, na wengi hawajui. Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, ndiye aliyeonesha kuwa AS inamkinga mtoto dhidi ya malaria kali. Alipima damu za watu mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950, akaona AS ni nyingi mwambao na kandokando ya Ziwa Victoria kwenye malaria, na ni chache nyanda za juu. Akachapisha mwaka 1954. Kwa hiyo mama, usiione AS kama laana ya ukoo wa mumeo au wako. Ni alama kwamba mababu walipita kwenye malaria wakabaki hai.

Na kuhusu mwinuko: Nairobi iko juu kuliko Fort Bliss, na Mbeya pia. Watu wenye AS wanaishi huko, wanabeba mizigo, wanacheza mpira. Mwinuko peke yake sio adui. Adui ni mwinuko, joto, kiu na kulazimishwa, vikikutana siku moja kwenye mwili usiozoea.

7. SASA JIBU LAKO, MAMA

Usimwambie aache. Kila jeshi na kila mamlaka ya anga ina masharti yake na yanabadilika, kwa hiyo asome tangazo la mwaka husika na aende kwa daktari anayepima marubani, asisikilize maneno ya kijiweni. Akikataliwa, aulize kwa heshima kama kuna nafasi ya kuangaliwa upya, na aende na vipimo vyake vyote mkononi.

Ila asifiche. Najua kuna wanaoshauri "usiseme wewe, wakigundua shauri yao." Kijana anayeenda JKT au kambi yoyote akiwa AS, mhudumu wa afya wa kambi ajue. Siku akianguka kwenye mchakamchaka, taarifa hiyo inaweza kuokoa dakika ambazo hazirudi.

Mfundishe mapema, kuanzia shule ya msingi:

- Anywe maji kabla ya kiu, hasa siku ya michezo.
- Aanze mazoezi taratibu, asitoke likizo akakimbia siku ya kwanza kama yuko fainali.
- Akisikia misuli ya mapaja au mgongo inauma na kuishiwa nguvu isivyo kawaida, asimame. Kusimama sio uoga.
- Akikojoa mkojo wa rangi ya kahawia au wenye damu, hospitali siku hiyo hiyo.
- Akipigwa mpira au ngumi kwenye jicho, hospitali haraka, na aseme yeye ni AS.
- Mwalimu wa michezo naye ajue.

Na kama hujui mtoto ni nini, mpime. Baba na mama mkiwa AS wote, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto wa SS. Mkijua mapema, mtoto anaanza kliniki mapema.

Huko kliniki nimeshakutana na kadi za watoto zimeandikwa "sikoseli" kumbe mtoto ni AS, na familia imekaa miaka inamzuia kucheza. Toa kadi ya mwanao leo usome herufi mbili zilizoandikwa pale. Kama huzielewi, uliza kwenye kliniki yako mpaka ueleweshwe. Ni haki yako.

Sehemu ya 7 tutaongelea ndoa: mchumba wako ni AS, wewe ni AS, mfanyeje? Maswali weka hapa chini, nikitoka zamu ya usiku nitajibu. Mtumie na rafiki mwenye mtoto anayeangalia ndege kila zikipita.