Mpera, Mti Ambao Hakuna Aliyeupanda

Ukiuliza katika kijiji chochote kati ya Tanga na Kakamega ni nani aliyepanda mpera ulio nyuma ya jiko, mara nyingi jibu ni moja: uliota wenyewe. Mnazi una mwenyewe, hurithiwa, na ndugu huweza kufikishana baraza la wazee kwa sababu yake. Mwembe nao hulindwa. Mpera huachiwa watoto na ndege.

Hiyo ni heshima ndogo mno kwa mti uliosafiri namna ile kabla ya kufika hapa. Makao yake ya asili ni nchi za joto za bara la Amerika, kuanzia Mexico hadi kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Katika pwani kavu ya Peru, wanaakiolojia wamefukua mabaki ya mapera kwenye makazi ya watu walioishi zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Kabla merikebu yoyote ya Ulaya haijavuka Atlantiki, wenyeji wa huko walikwisha kuzoea kula mapera.

Wahispania waliukuta mti huu katika visiwa vya Karibi, na katika karne ya 16 mwandishi wao Gonzalo Fernández de Oviedo aliwaeleza wasomaji wa Ulaya mti wenyewe na tunda lake. Baada ya hapo ukasambaa kwa kasi. Kuanzia mwaka 1565 merikebu za Kihispania zilikuwa zikisafiri kati ya Acapulco na Manila, na mimea ya Amerika, mpera ukiwamo, ikaingia Ufilipino kwa njia hiyo. Upande wa pili Wareno, ambao tangu mwaka 1500 walikuwa wamefika Brazil, walikuwa na bandari kuanzia Afrika Magharibi hadi Goa. Mwaka 1753, mtaalamu wa mimea wa Sweden, Carl Linnaeus, alipoupa mti huu jina la kisayansi la Psidium guajava, ulikuwa umekwisha kuota katika mabara kadhaa.

Kila ulipofika, watu waliufanya wao. Wareno walikuwa na desturi ya kupika tunda la kwao liitwalo marmelo pamoja na sukari mpaka likaganda. Huko Brazil marmelo ilikuwa adimu, mapera tele, na sukari ya mashamba ya miwa ilikuwa karibu. Wakapika mapera. Likatokea bonge jekundu linalokatwa kwa kisu, goiabada, ambalo hadi leo Wabrazil hulila na jibini nyeupe na kuyaita mapishi hayo Romeo na Julieti. India nayo iliupokea mpera kwa mikono miwili. Mji wa Prayagraj, uliokuwa ukiitwa Allahabad, umepata sifa kwa mapera yake, na leo hakuna nchi inayozalisha mapera mengi kuliko India.

Kwetu mti uliingia kupitia bahari hiyohiyo. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, ujenzi wa Ngome ya Yesu ukaanza 1593, na mwaka 1698 Waomani wakaiteka. Katika karne hizo mbili, mimea ya Amerika kama mahindi, mihogo, mikorosho na minanasi ilianza kuzoeleka katika pwani za Afrika, na mpera ulikuwa katika msafara huo. Kutoka pwani ukapanda bara, kwa kuwa hauchagui sana udongo na hustawi kuanzia usawa wa bahari hadi nyanda za juu zisizo na baridi kali.

Hapa inafaa kumtaja ndugu yake. Mpera na mkarafuu ni wa ukoo mmoja, pamoja na mzambarau na mkaratusi. Zanzibar ya karne ya 19 ilipanda mikarafuu kwa amri ya Sultani Seyyid Said, na utajiri wa visiwa ukajengwa juu yake. Kwa mpera haikutolewa amri yoyote. Mbegu zake ndogo na ngumu hupita katika tumbo la ndege, popo na ng'ombe bila kudhurika, kisha huota zinapoangukia, iwe kando ya njia, mpakani mwa shamba au nyuma ya jiko.

Ukarimu huo kwa ndege umeleta jambo la ajabu magharibi mwa Kenya. Mwaka 2008 watafiti waliochunguza mipera katika mashamba yaliyo jirani na Msitu wa Kakamega walichapisha matokeo yanayostahili kujulikana na kila mkulima. Ndege hutoka msituni wakiwa wamekula matunda ya miti ya huko, hutua juu ya mpera kudonoa mapera, na wakiwa hapo huacha vinyesi vyenye mbegu za msituni. Chini ya mipera hiyo watafiti walikuta miche ya miti ya asili ikichipua katikati ya mashamba. Mti mgeni ulikuwa unausaidia msitu wa wenyeji kurudi.

Si kila mahali palipopata bahati hiyo. Katika visiwa vya Galápagos mpera umekuwa gugu linalosonga mimea ya asili, na kobe wakubwa wa huko huupenda na kuzisambaza mbegu zake. Mti ni uleule.

Nyumbani, faida zake zinajulikana hata kama hazisemwi. Panda ya mpera ndiyo manati bora, kwa sababu mti wake ni mgumu na haukatiki ovyo. Mpini wa jembe hutokana nao pia. Majani machanga huchemshwa kwa mwenye kuharisha, ingawa mtoto anayeharisha lazima apewe maji ya chumvi na sukari na kupelekwa kituo cha afya. Pera bichi huliwa kwa chumvi na pilipili, na lililoiva halihitaji kitu. Gramu 100 za pera zina takriban miligramu 228 za vitamini C, wakati za chungwa zina kama 53. Ni huzuni kuona mzazi akinunua juisi ya pakiti dukani huku mapera yakioza uani.

Na kuoza huko kuna gharama. Mwaka 2003 nzi wa matunda kutoka Asia, Bactrocera dorsalis, aligunduliwa Kenya, na baada ya miaka michache alikuwa ameenea sehemu kubwa ya Afrika. Jike hutoboa ganda na kutaga mayai ndani, funza hula nyama ya tunda, kisha hushuka ardhini kugeuka nzi wapya. Mpera usiotunzwa huwalea nzi hao, na wakitoka hapo huhamia kwenye maembe ya jirani. Dawa yake ni kazi ya mikono. Okota kila siku mapera yaliyoanguka na uyafukie futi mbili chini. Yale yaliyobaki mtini yavishe mifuko ya karatasi yanapofikia ukubwa wa ndimu.

Anayetaka kupanda kwa makusudi aanze na mche uliobebeshwa. Mbegu huota vizuri, lakini mti wake huchukua miaka mitatu au minne kuzaa na matunda huweza yasifanane na ya mama yake. Chagua mahali penye jua, chimba shimo la futi mbili kwa mbili, changanya udongo wa juu na samadi iliyooza, na acha kama mita tano hadi mti mwingine. Maua hutokea kwenye vitawi vipya, hivyo pogolea kila baada ya mavuno. Mti uliopogolewa hubaki mfupi, na matunda yake hufikika bila kuparamia.

Vitalu vingi vya miche sasa vina mipera ya kubebesha. Ulizia mapema, kabla mvua za masika hazijaanza.