Michoro ya Turfan na Dai la Kuiokoa na Waislamu

Asomaye vitabu vya safari za Wazungu katika Asia ya Kati hukutana na dai hili mara nyingi: kwamba walichukua sanaa za miji iliyofukiwa na mchanga ili kuziokoa na Waislamu. Dai hilo laigusa dini yetu, basi tumeonelea tulitazame kwa kisa cha Bezeklik, karibu na Turfan, katika Turkistani ya Mashariki, ambayo Wachina huiita Xinjiang.

Bezeklik ni mapango ya ibada ya Mabudha yaliyo kwenye genge la mto. Jina lenyewe ni la Kiturki, na maana yake ni mahali penye michoro. Watu wa Turfan waliingia katika Uislamu kwa wingi mnamo karne ya 15 Miladia. Kwa hiyo, mwaka 1905, alipofika Mjerumani Albert von Le Coq, michoro ile ilikwisha kukaa katikati ya Waislamu kwa karne kadhaa, na mingi ilikuwa mizima chini ya mchanga. Msaidizi wake, Theodor Bartus, aliikata kwa kisu na msumeno pamoja na udongo wa ukuta, ikatiwa masandukuni, ikasafiri miezi 20 hadi Berlin. Albert Grünwedel, aliyeongoza safari ya kwanza ya Wajerumani mwaka 1902, hakuridhika na ukataji huo. Yeye alitaka picha zinakiliwe na kupimwa papo hapo.

Insafu yatutaka tuseme na upande wetu. Wako wakulima waliokwangua macho ya sanamu, na waliobomoa kuta wapate udongo wa kurutubisha mashamba. Le Coq ameandika habari ya mkulima aliyetupa mtoni mikokoteni mitano ya maandiko ya kale, kwa kuyaogopa, na kwa kuwaogopa pia maofisa wa Kichina wasije wakamtoza mali. (Hofu hii ya pili husahauliwa na wanaosimulia kisa hicho.)

Ama kwa fikihi, watu wa nchi ile ni Mahanafi. Katika madhehebu yao, mgeni asiye Muislamu aliyeingia kwa amani hana haki katika rikazi aliyoichimba, ila akiwa amepewa idhini na kiongozi kwa sharti maalumu. Atasema msemaji: Turfan ilikuwa chini ya ufalme wa Qing, kiongozi Muislamu hakuwapo. Ni kweli, lakini kukosa mlinzi hakumfanyi mpitaji kuwa mwenye mali. Na je, mchoro wa ukutani ni rikazi? Hazina huzikwa, ule ulichorwa uonekane.

Huko Berlin, michoro mikubwa zaidi ilikazwa kwenye kuta za jumba la makumbusho. Vita vya Pili vilipofika, vitu vingine vilihamishwa vikafichwa, lakini hiyo haikuweza kubanduka. Mabomu ya kati ya 1943 na 1945 yaliiangamiza. Anayetaka kuiona leo huifuata katika kitabu cha picha alichokichapisha Le Coq mwaka 1913.