Uchaguzi wa Lahaja katika Mkutano wa Mombasa, 1928

Mwaka 1928 wajumbe wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja walikutana Mombasa kukata shauri lililokuwa limeshindaniwa kwa miaka mingi: Kiswahili cha vitabu vya shule kiwe cha wapi. Wapo waliopima lugha kwa urithi wake; hao walikitetea Kimvita, lahaja ya tungo za Muyaka bin Haji. Wengine waliipima kwa mwendo wake. Kiunguja kilikuwa kimekwisha kufuata misafara hadi bara, na Edward Steere alikwisha kukiandikia kitabu cha sarufi mwaka 1870. Hoja hii ndiyo iliyoshinda, na kwa kazi ya shule ilikuwa na nguvu kweli.

Lakini namna ya kuamua ilikuwa na kasoro isiyofutwa na ubora wa uamuzi. Shauri lilikuwa mikononi mwa maofisa na wamisionari, ingawa mji uliowakaribisha haukukosa mashekhe na washairi wa kuulizwa. Hata katika Kamati ya Lugha, iliyoanza kazi mwaka 1930, Waafrika hawakuketi kama wajumbe mpaka mwaka 1946. Mtoto wa Mvita, aliyesema nyumbani ndia na mato, shuleni alitakiwa aandike njia na macho.

Shule zilitii. Ushairi haukutii: mwaka 1966 ilipochapwa diwani ya Ahmad Nassir bin Juma Bhalo, lugha yake ilikuwa Kimvita.